Jinsi ya kuendesha Biggest Loser ya chama chenu hapa Nairobi bila mtu kuumia na bila kilo zote kurudi

Kama chama chenu ama watu wa ofisi ama kwaya ya kanisa mmekaa chini mkaamua mnafanya Biggest Loser yenu, ile ya kila mtu kuchanga halafu mwenye ametoa kilo mingi anabeba pesa yote, hii ni yenu, na naomba muisome kabla mtu atume hata shilingi kwa mweka hazina. Nyingi ya hizi mashindano za mtaani zinaanza kwa moto, wiki ya tatu watu washaanza kukula kwa siri, wiki ya mwisho mtu anashinda siku nzima bila maji ndio mizani isome vizuri, anapewa pesa, na Krismasi ikifika amerudi pale pale alikuwa ama hata amepita. Watu hawajakuwa wavivu hapo, mchezo wenyewe ndio umepangwa vibaya. Mkilipa kilo za haraka mtapata kilo za haraka, na hizo hazikai.

Na mimi mashindano nayapenda, hiyo niseme wazi, kwa sababu mtu mmoja peke yake kuamka saa kumi na moja na nusu kutembea na hii baridi ni ngumu sana, lakini watu wanane wakingojeana hapo kwa geti ya ploti hakuna mwenye anataka kuwa ule wa kupigiwa simu. Pangeni tu vizuri. Na kama una dakika moja pekee ya kusoma, chukua hii sheria moja uende nayo: nusu ya pesa isitolewe siku ya fainali, itolewe miezi sita baadaye. Hizo zingine zote nitaandika hapa chini zinaisaidia hiyo.

Angalieni kwanza msimu wa nane

Hapa kwetu tulikuwa na Slimpossible, shoo ya wanawake kupunguza uzito kwa Citizen, na wengi tuliangalia, lakini ile mnaiga kwa sheria zake ni ya TV ya Marekani, The Biggest Loser, ilianza 2004 kwa NBC. Chukua msimu mmoja tu, wa nane, wa 2009, kwa sababu huo ndio wanasayansi waliufuatilia mpaka mwisho na ndio unafundisha kuliko ingine yote.

Mshindi alikuwa anaitwa Danny Cahill. Aliingia akiwa na kilo kama 195, akatoka na kama 87, yaani kilo 108 ziliisha kwa miezi saba, akachukua dola 250,000. Ukiangalia fainali unaona mtu mwingine kabisa, watu wanalia, kila mtu kwa nyumba anaamua kesho naanza. Lakini mtafiti mmoja, Kevin Hall, wakati huo wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, akawafuata watu 14 wa huo msimu kwa miaka sita, na matokeo yakatoka 2016. Siku ya fainali hao 14 walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58 kila mtu. Miaka sita baadaye kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. Cahill mwenyewe alikuwa amerudisha zaidi ya kilo 45.

Sasa hapa ndio nataka mtulie, kwa sababu mtu wa haraka atasema walirudia kula ovyo. Kuna kitu ingine walipima, kile mwili unachoma ukiwa umekaa tu, bila kufanya chochote. Hao watu miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 kila siku chini ya vile mtu wa uzito wao anatarajiwa kuchoma, na hiyo ilikuwa bado iko hivyo miaka sita baada ya taa za TV kuzimwa. Kalori 500 ni karibu chapati mbili. Kwa hivyo mtu wa hapo anakula sawa na jirani yake wa kilo sawa na yeye, jirani anabaki vile alivyo, yeye anaongeza. Halafu kuna homoni inaitwa leptini, hiyo ndio inaambia ubongo kwamba akiba ya mafuta iko ya kutosha, na siku ya fainali ilikuwa karibu imeisha kabisa kwa damu zao, na miaka sita baadaye ilikuwa haijarudi vile ilikuwa. Kwa hivyo njaa yao ilikuwa njaa ya kweli. Ukijua hiyo hutawahi tena kumcheka mtu amerudisha kilo.

Lakini hawakurudisha wote, na hii ndio sehemu watu hawaambiwi. Mwaka uliofuata, 2017, watafiti haohao walitoa hesabu ya kulinganisha wale walibaki chini na wale walirudi juu, na tofauti kubwa ilikuwa kwa kutembeza mwili. Wale walibaki chini walikuwa wameongeza mazoezi kwa asilimia 160 kuliko zamani kabla ya shoo, wale wengine asilimia 34. Ukiiweka kwa lugha ya kawaida, ni kama dakika 80 za kutembea kwa nguvu kila siku, ama 35 za mazoezi makali. Hizo dakika 80 kwa mtu wa Nairobi zinawezekana, tutafika hapo.

Mambo mengine matatu ya hiyo shoo ya kukumbuka wakati mnaandika sheria. Huo huo msimu wa nane, siku za mwanzo kabisa, waliwekwa wakimbie maili moja kwa mchanga wa ufuoni, watu ambao walikuwa hawajafanya zoezi miaka, na mama mmoja akaanguka akapelekwa hospitali kwa helikopta. Na mshindi wa msimu wa kwanza, Ryan Benson, alikuja kusema mwenyewe kwamba mwishoni alifunga kula na akakausha maji ya mwili mpaka akawa anakojoa damu. Sheria za mchezo hazikumzuia, na hakuna swali lilikuwa linaulizwa isipokuwa mizani inasema nini. Halafu 2014 msichana wa miaka 24, Rachel Frederickson, akashinda kwa kutoka kilo 118 mpaka 48, karibu asilimia 60 ya mwili wake, na hata wakufunzi wakaonekana wameshtuka pale jukwaani. Hakukuwa na kiwango cha chini. Ninyi wekeni.

Nani anaingia

Hii ifanyeni kabla ya tarehe ya kuanza, mtu mmoja mwenye watu wanamwamini aongee na kila mtu pembeni. Mama mjamzito ama mwenye ananyonyesha haingii kwa hesabu ya kilo. Mtoto chini ya miaka 18 pia hapana. Mtu mwenye amewahi kuwa na shida ya kukataa chakula ama kujitapisha, tafadhali msimweke karibu na mizani hata akiomba. Na kuna wale wasichana wembamba wa ofisi wanataka kuingia kwa sababu kuna pesa, hao waingie kwa pointi za kutembea peke yake, uzito wao usipimwe kabisa.

Mtu wa presha ama sukari anaweza kuingia na pengine yeye ndio anahitaji kuliko wote, lakini lazima apitie kliniki yake kwanza. Sababu ni rahisi: kama anadunga insulini ama anameza glibenklamidi, ile tembe ya sukari, na ghafla anapunguza ugali nusu, ile dozi ilikuwa inamtosha jana leo ni nyingi, na sukari inashuka. Mtu wa hivyo ataanza kutokwa na jasho baridi, kutetemeka, kuongea vitu havieleweki. Kila mtu kwa kikundi ajue hiyo dalili na ajue kwamba hapo anapewa kitu chenye sukari mara moja, soda ya kawaida ama juisi ama maji ya sukari, na akishindwa kumeza ni hospitali, msimmwagie kitu mdomoni.

Kama hamna mashine ya presha, ulizeni CHP wa mtaa wenu, wale wahamasishaji wa afya walipewa mifuko na serikali kuanzia 2023, kwa hiyo mifuko kuna mashine ya presha na ya kupima sukari. Mwombe aje siku ya kwanza na siku ya mwisho. Watu wengi Nairobi hawajui presha yao ni ngapi na hii siku moja pekee inaweza kuwa na maana kuliko mashindano yote.

Mizani na tepu

Wale vijana wa mizani huko Tom Mboya na karibu na mastejini ni wazuri kwa kujua tu uko wapi, lakini msifanyie mashindano hapo, maana leo uko na viatu na simu na umetoka kula, kesho mizani iko kwa lami imeinama. Nunueni mizani moja ya dijitali ya kikundi, ikae kwa nyumba moja, kwa sakafu ngumu ya simiti ama tailsi, kamwe isiwekwe kwa kapeti. Asubuhi ya Jumamosi, mtu ametoka chooni, hajala, nguo nyepesi. Mwenye anapima asiwe kwa mashindano. Na mtu aingie peke yake, mlango ufungwe, namba iandikwe kwa kitabu. Ile mambo ya TV ya kusimama mbele ya watu namba ikitangazwa kwa sauti achaneni nayo, hiyo ilikuwa ya kuuza shoo, haijasaidia mtu kupungua.

Pimeni kila baada ya wiki mbili. Kila wiki ni mbio sana, mama akiwa karibu na siku zake anaweza kubeba maji ya kilo moja ama mbili na hajakosea chochote, na mtu amekula choma ya chumvi Ijumaa pia mizani inapanda. Pia mjue wiki mbili za kwanza kila mtu atashuka haraka na wengi ni maji, kwa sababu ile akiba ya wanga mwilini inakaa pamoja na maji na ikitumika maji yanatoka nayo. Muwaambie watu mapema, ndio wiki ya tatu ikija na nusu kilo mtu asikate tamaa. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ndio mwendo mzuri.

Hesabu iwe ya asilimia. Mama alikuwa 92 sasa ni 86 ametoa kilo 6, gawanya kwa 92, zidisha kwa 100, ni 6.5. Mzee wa 120 akishuka mpaka 113 ametoa kilo 7 lakini ni 5.8. Mama ndio yuko mbele na ni haki.

Halafu kiuno, na hiki nakipa uzito sana kwa sababu mafuta ya tumbo ndio yanaleta ugonjwa wa sukari na wa moyo. Tepu ya fundi wa nguo, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Mwanamke akiwa juu ya sentimita 80 na mwanaume juu ya 94 hatari imeanza kupanda, na kuna kipimo rahisi zaidi cha kukumbuka, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Faida ya tepu ni kwamba mtu hawezi kuidanganya kwa kukosa kunywa maji.

Pointi

Hii ndio nawashauri, mnaweza kubadilisha namba lakini msibadilishe wazo. Msimu uwe wa wiki 16, pointi zote 100. Uzito una 40, kila asilimia moja ni pointi 4, na inaishia asilimia 10, ukipita hapo hakuna pointi ya ziada. Hiyo ndio dari yenu. Akili ya mtu ikijua kwamba kilo za kujiua hazilipwi anaacha kuzitafuta. Kiuno kina 20, sentimita moja pointi 2, mwisho sentimita 10. Zile 40 zinabaki ni za kutembea, kila wiki mtu amefikisha dakika 150 anapata pointi mbili na nusu, na hizo 150 nimetoa kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mtu mzima, sijajitungia.

Kwa mpango huu mtu mwenye mwili wake unashuka polepole lakini anatembea kila wiki anaweza kumshinda yule wa kufunga kula. Hiyo ndio mnataka. Mmeona kwa wale 14 kile kilibakisha watu chini ni nini.

Msimtoe mtu. Kwa TV mwenye amepunguza kidogo ndio mara nyingi alikuwa anaenda nyumbani, yaani mwenye anahitaji kikundi kuliko wote ndio anafukuzwa, na hiyo ni mbaya sana kwa kikundi cha watu mtakutana kesho kwa lifti ama kwa duka. Na msiweke faini za mtu kuongeza kilo, mtu akiwa na faini hataongea ukweli, atapotea tu kwa grupu.

Lini muanze

Wengi wanaanza Januari kwa sababu ya Disemba, lakini mvua ya masika inaanza Machi, inaenda mpaka Mei, na ndio hapo kutembea kunakufa. Mimi napenda Jumamosi ya kwanza ya Juni. Ndio, Juni na Julai Nairobi ni baridi, vaa sweta, baridi inaisha ukitembea dakika kumi, matope hayaishi. Wiki 16 zinawafikisha mwisho wa Septemba, na miezi sita mbele ni mwisho wa Machi, yaani kupima kwa pili kunapita Disemba nzima, ushago, harusi, mbuzi wa Krismasi, kila kitu. Kama mtu amepita hapo bado yuko chini basi amebadilika.

Chakula

Msiandikie watu chati ya chakula kutoka kwa intaneti, ile ya oti na matunda ya majina magumu ambayo iko kwa supamaketi za Westlands peke yake. Itadumu wiki moja. Angalieni siku ya mtu wa Nairobi ilivyo. Anatoka nyumbani asubuhi na chai na mkate, mchana anakula kibandani, saa kumi na moja njaa inamshika, saa kumi na mbili yuko steji, hapo kuna smoki, kuna mutura, kuna chipo zinanukia, halafu jam, anafika nyumbani saa mbili ama saa tatu usiku amechoka anakula sahani imejaa halafu analala. Kilo za huyu mtu ziko kati ya saa kumi na moja na saa tatu usiku. Anzieni hapo, msianzie kwa kumkataza ugali.

Njaa ya saa kumi na moja iuliwe kabla ya steji. Mayai mawili ya kuchemsha, ama ndizi na njugu karanga za mkono mmoja, ama githeri kidogo alibeba asubuhi kwa kikopo. Mtu akipanda matatu ameshiba kidogo hanunui chipo, ni hivyo tu, haina siri ingine. Hii moja ikifanyika kila siku ya kazi utaona tofauti kabla hujagusa kitu ingine.

Kitu cha pili ni mafuta ya kupika. Hakuna mtu kwa nyumba zetu anapima, mtu anamwaga kwa sufuria akiongea. Kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, na sukuma ya watu wanne inaweza kumeza vijiko vinne bila mtu kuona. Pimeni kwa kijiko, kitunguu na nyanya zikaangwe na mafuta kidogo na maji kidogo, sukuma itaiva na itakuwa tamu. Chapati iwe ya siku moja kwa wiki, na siku hiyo kuleni kwa furaha.

Sukari ya kunywa ni ya tatu. Soda ya nusu lita iko na karibu gramu 50 za sukari, hiyo ni vijiko kama kumi na mbili vya chai, hakuna mtu angeweka hivyo kwa kikombe. Chai punguzeni kijiko kimoja, mkae hivyo wiki mbili, halafu kingine. Bia pia ni chakula, chupa ya nusu lita inaenda kama kalori 200, na mtu anakunywa nne na nyama juu.

Ugali ubaki. Kipande cha ukubwa wa ngumi yako, sukuma ama managu ama terere ijaze nusu ya sahani, na hapo pembeni ndengu ama maharagwe ama omena ama yai ama kuku bila ngozi. Wenye mfuko umebana wasidanganywe eti kupungua ni kwa matajiri, ndengu na omena ni bei nafuu na zinashibisha muda mrefu kuliko mkate. Wikendi ya choma, agizeni robo kwa mtu badala ya kilo mbili kwa meza ya watu watatu, na kachumbari iwe mingi.

Marufuku ya kikundi, iandikwe kabisa: kukaa bila maji, kutumia dawa za kuharisha, zile chai za kupunguza zinauzwa mitandaoni na mjini kati, kujifunga tumbo na plastiki ukikimbia, kufunga kula wiki ya mwisho. Nyingi ya hizo chai zina sena, ni dawa ya kuharisha, inatoa maji na choo, mafuta yanabaki mahali yalikuwa. Mtu akipatikana anapoteza pointi za uzito zote. Zile sindano mpya za kupunguza uzito ni dawa ya kweli lakini ni za daktari kuandika, mtu akiwa amewekwa na daktari wake asionewe haya wala kuulizwa ulizwa, ashindanie pointi za kutembea na kiuno na wenzake.

Kutembea

Wiki ya kwanza kila mtu atembee dakika 20 mpaka 25 tu kwa siku. Najua kuna mtu atataka siku ya kwanza mkimbie kutoka Donholm mpaka tauni, mkatalieni, kumbukeni ule mama wa msimu wa nane. Mwili haujazoea ukisukumwa sana misuli inavunjika na uchafu wake unaenda kwa figo, dalili ni misuli kuuma na kuvimba kupita kiasi na mkojo kugeuka rangi ya chai ya rangi ama kola. Ukiona hiyo hakuna kungoja kesho, ni hospitali saa hiyo. Na Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo mgeni ametoka Mombasa juzi ataishiwa na pumzi mbele ya wengine, mwacheni aende pole.

Ongezeni dakika tano tano. Mkifika wiki ya nane mtu awe na dakika 40 kwa siku, na mwisho wa msimu wale wanaweza wakaribie zile 80, lakini zikatwe vipande. Shuka matatu steji mbili mbele ya yako, hiyo ni dakika 15 asubuhi na 15 jioni kama bado kuna mwanga. Ngazi za ofisi badala ya lifti. Mchana badala ya kukaa na simu zunguka na mwenzako. Jumamosi baada ya kupima nendeni pamoja, Karura kama mna nauli na pesa ya kuingia, ama Arboretum, ama Uhuru Park kama iko wazi, watu wa Eastlands uwanja wowote wa shule wenye mwalimu mkuu atawakubalia. Tembeeni mkiwa kikundi, hasa wanawake, na msianze kabla ya kupambazuka, simu iachwe kwa nyumba isipokuwa moja. Kipimo cha mwendo ni kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Na mara mbili kwa wiki kuna mambo ya nguvu, kuinuka na kukaa kwa kiti bila kushika, kusukuma ukuta, kubeba mtungi wa maji wa lita tano kila mkono. Mtu akipungua bila kutumia misuli anapoteza na misuli pia, na misuli ndio inachoma hata ukiwa umelala.

Grupu ya WhatsApp

Fupi tu. Uzito wa mtu usiwekwe kwa grupu, wekeni pointi peke yake. Picha ya kabla na baada ni ya mwenyewe, na asipokubali kwa maandishi haitumwi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na habari ya afya ya mtu ni kati ya zile zinalindwa sana. Na maneno. Nairobi mtu anakusalimia na mwili wako, umenona siku hizi, ama umekonda uko mgonjwa, na mtu anabeba hiyo neno wiki nzima. Kwa grupu mtu akipita asifiwe kwa kile amefanya, umetembea siku sita wiki hii hongera, umeacha soda hongera. Ongeeni na watu wa nyumbani pia, bwana ama bibi ama shosh mwenye anapakua chakula, kwa sababu mwenye ameshika mwiko asipojua mpango hakuna mpango.

Pesa

Tuseme mko 20, kila mtu 1,000, hiyo ni 20,000. Iwekwe kwa akaunti ya chama yenye inahitaji watu wawili kutoa, isikae kwa M-Pesa ya mtu mmoja. Septemba 10,000 igawiwe watatu wa kwanza kwa pointi, kwa mfano 5,000, 3,000, 2,000. Hiyo ingine 10,000 ikae.

Kati ya Oktoba na Machi kutembea kwa Jumamosi kunaendelea na kupima ni mara moja kwa mwezi, kwa hiari. Msivunje grupu, hii ndio miezi mtu anahitaji watu, maana huo mwili wake umepunguza kile unachoma na njaa imepanda, na hapa hakuna makofi tena. Mwisho wa Machi kila mtu anarudi kwa ile mizani moja. Wote wenye hawajapita kilo mbili juu ya uzito wao wa Septemba wanagawana hiyo 10,000 sawa sawa, awe alikuwa wa kwanza ama wa kumi na tisa. Wakiwa kumi ni 1,000 kila mmoja, pesa yake imerudi. Wakiwa wanne kila mtu anabeba 2,500.

Na mwenye amerudisha zote anaingia msimu wa Juni bila kuchanga, nafasi yake inalipwa na kikundi. Hiyo pia iandikeni kwa sheria tangu mwanzo, ndio mtu asiogope kuja Machi kupimwa.